Mikono Ikiganda Kwenye Kioo

Jumatano, 8 Mei

Mdogo wangu Bisibisi,

Nakuandikia kwa sababu simu yako haina maana. Ukipokea uko juu ya ngazi, usipopokea uko juu ya ngazi. Hao waliokuajiri kufunga mitandao maghorofani wangekutandikia kitanda hukohuko juu, tujue moja. Basi soma hii utakapotua.

Ile kadi ya waifai uliyonibadilishia Jumapili, siku moja kabla hujasafiri, haina kasi. Usinune kwanza. Nashukuru, umeinunua kwa mshahara wako wa kwanza na mama ameshatangaza mtaa mzima kuwa fundi wetu kaifanya laptop ya dada yake kuwa mpya. Lakini ya zamani ilikuwa inajikongoja, na hii inatambaa. Vimistari vya mtandao vimejaa vyote, halafu picha inaganda.

Mtu mwingine picha ikiganda anaendelea kusikiliza sauti. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Mikono ikiganda hakuna neno. Jana mzee mmoja kiziwi alikuwa anamwonyesha daktari maumivu yanakopita, mkono ukagandia kifuani. Daktari akaandika kifua. Picha iliporudi mzee anaonyesha tumbo, na amekasirika kweli. Msimamizi wangu kwenye hii kampuni mpya ya ukalimani wa video amelihesabu hilo lalamiko la kwanza. Yakifika matatu kabla muda wangu wa majaribio haujaisha, wananitoa.

Na kuna jambo kubwa kuliko hiyo ajira. Tarehe 24 ni upasuaji wa Mshonaji, yule dada kiziwi anayeshona sare za shule. Hii ni mimba yake ya pili. Ya kwanza walimpasua bila mkalimani. Watu wamevaa barakoa, hata midomo haioni, hajui wanataka nini. Wakamlaza usingizi, na alipoamka akaandikiwa kwenye karatasi kwamba mtoto hakuwa hai na ameshazikwa. Hakumwona hata uso. Safari hii atachomwa ganzi ya mgongoni tu, awe macho, nami niwe kwenye kioo karibu na kichwa chake nimwambie kila kinachofanyika. Anataka kumwona mtoto akitoka. Basi, ni hilo tu analotaka, na ameniomba mimi. Nimemwahidi.

Hospitali yao iko mwendo wa siku nzima kutoka hapa, kwa hiyo usiniambie niende. Niambie nifanye nini na hii mashine.

Dada yako

*

Alhamisi, 9 Mei

Shikamoo Dada,

Hapo kwenye kitanda nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Toa shaka. Kadi mpya huwa na mambo yake ya siku mbili tatu. Fanya hivi: zima ruta, hesabu dakika mbili, iwashe. Kisha kwenye laptop uiambie isahau mtandao, uunganishe upya kama mgeni. Ikigoma, futa dreva, ile programu inayoiendesha kadi, iliyojiweka yenyewe, uweke ile ya watengenezaji wa kadi, nimekuambatishia hapa. Na kule kwenye mambo ya umeme, ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kubana matumizi ya betri. Hiyo ndiyo inayowasumbua watu wengi.

Kadi yenyewe ni nzima, nakuhakikishia. Ila usifungue kifuniko cha chini. Ukikifungua, dhamana imekufa.

Msalimie mama. Mwambie nakula.

Bisibisi

*

Jumamosi, 11 Mei

Marahaba.

Nimefanya yote. Kuzima ruta ndiko kulikonitoa jasho, maana unajua iko kwa mwenye nyumba, ng'ambo ya ua, ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya bilauri za wageni, na imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Namwambia mama mwenye nyumba, hiki kitambaa kinaibana. Ananiambia bila kitambaa itaingia vumbi, na vumbi na umeme havipatani. Tumevutana nusu saa. Tumekubaliana kitambaa kibaki lakini kabati liwe wazi.

Kasi ni ileile. Sasa nisikilize, kuna kitu nimekiona. Boksi la kadi limeandikwa kasi 867. Laptop inaniandikia 433. Nikahamia sebuleni kwa mwenye nyumba, nikakaa nayo hatua mbili kutoka kwenye kabati: picha ilikuwa safi, lakini namba 433. Nikarudi chumbani kwangu: 433, kisha ikaanza kuporomoka, picha ikaganda. Haijawahi kupita hapo hata mara moja. Mbona ni nusu kamili? Kitu kikichoka hakichoki kwa hesabu nzuri hivyo.

Na usiniambie nihamie sebuleni. Habari za wagonjwa hazisemwi mbele ya watu wanaoangalia tamthilia. Masharti ya kazi ni chumba kilichofungwa, niwe peke yangu.

Dada yako

*

Jumapili, 12 Mei

Dada,

Hizo namba zisikunyime usingizi, ni za kuangalia tu. Boksi linaandika la kwake na dunia inafanya la kwake.

Jaribu masafa. Ruta hiyo inarusha mitandao miwili, mmoja wa mbio na mmoja wa mbali. Wa mbio haupendi kuta. Hamia wa mbali. Kisha ingia kwenye ruta ubadilishe chaneli, weka 1, ukiona bado weka 6, kisha 11, maana majirani wote huwa wamejazana kwenye moja. Kila ukibadilisha pima mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, uniandikie majibu.

Najua ni kazi. Vumilia kidogo.

Bisibisi

*

Alhamisi, 16 Mei

Mdogo wangu,

Siku nne napima kama karani wa mizani. Nimekuambatishia karatasi. Ule wa mbali hauna mbio, ule wa mbio haufiki. Nimejaribu na intaneti ya simu, huku kwetu ndiyo balaa zaidi. Mama mwenye nyumba akiniona navuka ua na laptop anaweka mkono kwenye kabati kama anamlinda mtu.

Jana limeingia lalamiko la pili. Mwanafunzi kiziwi, mahojiano ya kuomba nafasi ya masomo, nimemgandia katikati ya jina lake mwenyewe. Mtoto wa watu alinitazama hivi, nikatamani kuingia chini ya meza.

Kwa hiyo nimeamua. Kuna dada fundi wa simu hapa ng'ambo ya barabara, mikono yake myepesi, ana hata ile miwani ya kukuzia. Amesema laptop anaifungua kwa dakika kumi, anatazama ndani, na ikibidi anairudisha kadi ya zamani. Hiyo kadi ya zamani iko wapi? Nimetafuta kwenye droo zote. Nataka nimpelekee kesho asubuhi.

Dada yako

*

Ijumaa, 17 Mei

Dada, usimpelekee!

Nakuomba. Hao wa simu wakiingia kwenye laptop wanapasua vitu. Waya za mle ndani ni nyembamba kuliko uzi wa cherehani. Akivuta mmoja vibaya umekwisha, na tarehe 24 ndiyo hiyo inakuja. Kadi ya zamani nilishaitupa.

Mimi ndiye niliyeifunga hiyo mashine. Wewe unamwamini nani, mimi au mtu wa ng'ambo ya barabara? Nimesoma karatasi yako. Shida iko kwenye ruta ya mama yule. Mwambie aisogeze dirishani, hata kwa siku moja ya tarehe 24. Na uhamishe meza yako ikae mkabala na hilo dirisha.

Bisibisi

*

Jumatatu, 20 Mei

Bisibisi,

Sikumpelekea. Ulivyoniandikia kwa ukali nimeona niache. Nakuamini wewe, na hujawahi kunisemesha hivyo tangu uzaliwe. Dada yule aliniona napita na begi akaniita, nikamwambia mdogo wangu ni fundi, amekataa. Akacheka akasema haya.

Meza nimeihamisha. Nimelala na kabati mlangoni maana hakuna pengine pa kuliweka. Ruta mwenye nyumba ameisogeza kiganja kimoja, basi. Picha inaganda kila baada ya dakika tatu, dakika nne.

Sasa nikuambie jambo, na usinihukumu. Leo msimamizi ametaka kipimo cha kasi kwa ajili ya upasuaji. Kasema kikiwa kibaya hakuna neno, atampa mkalimani mwingine mwenye laini nzuri. Nikavuka ua, nikapimia sebuleni palepale kabatini, nikamtumia namba ya huko. Amejibu vizuri sana, endelea.

Lakini ningefanyaje? Nikimwachia mwingine, najua atalihesabu lalamiko la tatu hilohilo. Na Mshonaji ananitaka mimi. Jana kwenye video kaniuliza, mtandao wako mzuri? Nikamwambia mzuri. Kafurahi, kanionyesha kikofia alichoshona.

Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Nimefua mapazia yasiyokuwa machafu. Hebu niambie, kuna kitu kuhusu hii kadi hujaniambia?

Dada yako

*

Jumatano, 22 Mei, saa saba mchana

Dada,

Kaa chini kwanza.

Kuna kitu. Siku mbili nimeliangalia swali lako, jana nimetaka kujibu nikashuka, nikapanda tena ngazi.

Kadi ya waifai inashikwa na waya mbili za antena. Kila moja ina kichwa kidogo cha chuma, kama punje ya mtama, na kichwa kile kinainuliwa kwa ukucha taratibu. Jumapili ile mama alikuwa anaita chakula kinapoa, nawe umesimama nyuma yangu unanisifia. Waya wa kwanza niliuinua vizuri. Wa pili niliuvuta. Kichwa kikabaki kwenye kadi ya zamani, waya ukabaki mikononi mwangu. Ulikuwa umegeuka kumjibu mama. Nikauzungushia tepu nyeusi, nikaulaza pembeni, nikafunga kifuniko. Ile kadi ya zamani niliitia mfukoni kwa sababu ukiiona ungeona na kichwa kimeng'ang'ania pale. Sikuitupa, ninayo hapa.

Ndiyo maana ni nusu kamili. Uliliona tangu barua yako ya pili, na mimi nikakuambia ni namba za kuangalia. Ruta haina kosa, majirani hawana kosa, mama mwenye nyumba mwombe radhi kwa niaba yangu.

Nilijua dawa tangu siku ya kwanza. Kuna kidude cha kuchomeka pembeni ya laptop, kama kidole gumba, kina antena yake chenyewe. Kiko kila duka la kompyuta. Sikukitaja kwa sababu ungeuliza, kadi ya ndani ni mpya, cha nje cha nini? Nikaona nikupe kazi ya kupima, labda katika kupima kitapatikana kitu kitakachotosha. Kisha ukaniandikia umepimia sebuleni ukamdanganya msimamizi, nikaona sasa na wewe nimekuingiza.

Watu wote nyumbani walinicheka kila nilipofungua redio skrubu zikabaki. Wewe hukucheka hata siku moja, ulizitia kwenye kikombe ukasema zitapata kazi. Nilishindwa kuwa fundi aliyekuharibia wewe.

Nimeongea na duka moja hapo mjini kwenu, wanakuletea kidude kesho saa mbili asubuhi. Kichomeke tu, itasoma yenyewe. Tarehe 24 picha haitaganda. Naapa.

Nisamehe.

Bisibisi

*

Alhamisi, 23 Mei

Barua yako iliingia jana saa saba mchana. Mimi waliniita saa nne asubuhi.

Uchungu ulimwanza Mshonaji alfajiri, wakaona hawawezi kungoja hadi Ijumaa. Nesi kanipigia, uko tayari? Nikakimbilia uani. Sebuleni kwa mwenye nyumba kumejaa wageni, watoto wako juu ya makochi, televisheni inaimba. Nikarudi chumbani nikafunga mlango nikasema liwalo na liwe.

Dakika za mwanzo zilikwenda. Kaniona, kacheka, kaniambia miguu imekuwa mizito. Nikamweleza hiyo ni ganzi inaingia. Nikamwambia wanatundika shuka, wanapaka dawa, itakuwa baridi. Daktari akasema, mwulize, nikibana hapa anasikia? Nikauliza. Akainua mkono anijibu.

Hapo ndipo picha iliganda, mdogo wangu. Mkono uko hewani, macho yananitazama mimi. Sauti nayo ikafa. Nilibonyeza kila kitu. Nilichomoa, nikachomeka, nikaibeba laptop nikatoka nayo uani nimeiinua juu kama mwendawazimu. Nikaingia sebuleni katikati ya wageni. Ikarudi baada ya dakika sita. Nesi ndiye aliyekuwa kwenye kioo. Kaniambia, hatukuweza kujua kama anasikia maumivu au hasikii, na mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka. Tumemlaza usingizi.

Mtoto ni wa kike, mzima, kilo tatu kasoro. Mama mzima. Alitoka mama yake amelala.

Msimamizi kanipigia jana hiyohiyo jioni. Mbona kipimo cha Jumatatu kilikuwa kizuri? Nikamwambia nilikipimia wapi. Hakupandisha sauti. Kasema nirudishe kitambulisho.

Hicho kidude kimeletwa leo saa mbili. Nimekichomeka. Kinafanya kazi vizuri sana. Nimekaa mbele ya picha safi, sina wa kumkalimania, nimelia mpaka mama kaja kugonga mlango.

Sikuiti kwa jina lako leo, hasira niliyonayo haina jina. Wiki mbili umenizungusha na vitambaa na chaneli! Ungeniandikia mstari mmoja. Ningekupigia kelele siku moja, ikaisha.

Utakuja. Tutakwenda kwake pamoja, utamwambia mwenyewe kwa mdomo wako, nami nitakukalimania. Na ujue kanuni yetu: mkalimani hasemi "huyu bwana anasema." Ukisema mimi, mkono wangu unaonyesha kifua changu. Kwa hiyo pima maneno yako, maana nitayabeba.

Dada yako

*

Ijumaa, 24 Mei

Dada,

Nimeomba ruhusa. Nimewaambia ukweli wa kwa nini. Nitafika Ijumaa ya tarehe 31, Jumamosi tuwe kwake.

Nimeandika maneno mara nane. Yakiwa marefu naona najitetea, yakiwa mafupi naona nakimbia. Nitayasema yatakavyotoka.

Sijui hata mtu kiziwi unamtazama wapi unapomwomba radhi. Wewe au yeye?

Mdogo wako

*

Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu,

Najua umerudi kazini kwako salama, mama kaniambia umempigia. Kanieleza pia kwamba ulikuwa umechangamka kidogo, umekula. Ndiyo maana nimekaa na kalamu siku nzima naanza na kuacha. Lakini nimetoka kwenye kufichana nikaona kulikotufikisha, sirudi tena.

Ulimtazama yeye. Ulifanya vizuri. Kofia umeikunjakunja mkononi, ukasema, "Mimi nilikata waya. Mimi nilijua, nikanyamaza." Nikayabeba kama yalivyo. Nilipofika kwenye kujua na kunyamaza, kidole kikakwama hapa kifuani. Uliona nimesimama, ukadhani naumwa. Sikuwa naumwa. Maneno hayo yalikuwa yangu pia. Ndipo ulipouliza mbona mikono yangu inasema mengi kuliko ulivyosema wewe. Nilikuwa namaliza ya kwako naongeza ya kwangu: kwamba aliponiuliza mtandao ni mzuri nilijua si mzuri, kwamba palikuwa na mkalimani mwingine mwenye laini safi, nami nikamficha ili nibaki mimi.

Alitujibu. Alijibu polepole, mtoto amelala begani, kwa mkono mmoja. Wewe ukaniuliza, "Amesemaje?" Nikakuambia, "Anakushukuru kwa kuja."

Miaka tisa nafanya kazi hii. Nimebeba matusi ya watu, nimebeba habari za misiba, nimembeba mwanaume anayemkana mke wake, na sijawahi kumgeuzia mtu neno. Siku ile niligeuza. Ulikuwa unalia, nikakuona vile ulivyokuwa mdogo, nikashindwa. Lakini yale ni maneno yake, sina haki ya kuyakalia, na yalikuwa yetu sisi wawili. Nakupa kama alivyoyasema.

"Mmekuja mkiwa wazito, mtaondoka wepesi. Nesi alimwona. Daktari alimwona. Hata aliyekuja kupiga deki alimwona akitoka. Mimi nilimkuta ameshaoshwa."

Dada yako